Mkono Usio na Kovu

Safari ya Hija ilikuwa ya mke wangu Zuhura. Mimi nilikuwa mchukua mizigo tu, na hilo nalisema tangu mwanzo ili msomaji asinidhanie mcha Mungu kuliko nilivyo. Nilikuwa na duka la nguo Mbeya mjini, na kila ulipoandama mwezi wa Mfungo Mosi Zuhura aliniuliza, "Na mwaka huu tena, baba?" Nami nikamjibu, "Mwakani." Hatukujaliwa mtoto, na naamini lile jambo moja alilolitaka duniani lilikuwa kusimama Arafa. Mwaka nilipokubali, miaka michache kabla ya Uhuru, alikaa chini sakafuni akalia, kisha akainuka akaenda kufua mashuka yote ya nyumbani.

Mbeya, mwezi wa Juni, baridi ikiwa ile ya kutoa moshi mdomoni, tulikwenda hospitali ya serikali kuchanjwa. Bila cheti cha chanjo ya ndui hakuna aliyepokewa melini. Dresa, yaani mganga msaidizi wa pale, alikuwa kijana wa Kinyakyusa, mteja wangu wa vitambaa vya suruali. Akatuchanja mikononi, chini kidogo ya kiwiko, mimi kwanza, Zuhura baadaye.

"Mama, usipake kitu hapo," akasema. "Itawasha, itavimba, itatoa na usaha. Iache hivyohivyo. Wiki ijayo mrudi wote nione kama imeshika."

Sasa mimi ni mtu wa pwani kwa upande wa baba, nimelelewa na ndimu. Kidonda ndimu, kikohozi ndimu, samaki ndimu. Na siku hiyo nyumbani kulikuwa na kikapu kizima cha ndimu, maana mama mkwe wangu wa Iringa alikuwa na mti nyuma ya jiko lake, na kwa kuwa ndimu za Mbeya ni za kutafuta, alituletea kwa basi ili zitutulize kichefuchefu njiani. Nilipomwona Zuhura anaupepea mkono nikachukua ndimu, nikaikata, nikamwambia lete nikusafishe, usije ukaoza kwa vumbi la barabara.

"Si dresa amesema tusipake kitu?"

"Dresa amezaliwa juzi."

Akacheka, akafumba macho, nikakamua. Nikasugua na ganda lake, vizuri kabisa, kama mtu anayesugua sufuria. Mkono wangu mimi sikuupaka. Nilimwambia naogopa ndimu zitaisha, lakini ukweli ni kwamba niliogopa ule uchungu.

Wiki ilipokwisha mkono wangu ulikuwa umevimba na kufanya kidonda. Wa Zuhura ulikuwa laini kama haujaguswa na kitu. Siku hiyo alikuwa na majirani wakipika kwa ajili ya khitma ya kutuaga, nami nikaenda kwa dresa peke yangu na vyeti viwili mfukoni. Akauangalia mkono wangu, akafurahi.

"Na wa mama je?"

"Umevimba kuliko wangu," nikasema.

"Kweli, mzee?"

"Kweli."

Akagonga muhuri. Nilijua angemwona angemchanja upya, na basi letu lingetuacha. Niliporudi Zuhura akaniuliza dresa kasemaje. Nikamwambia kasema hewala.

Iringa tulifika kesho yake jioni, vumbi limetugeuza wote kuwa watu wa rangi moja. Mama mkwe, Mhehe wa kimo kirefu na maneno machache, alitupokea mlangoni. "Kamwene," akatusalimu kwa Kihehe, akamshika binti yake mashavu yote mawili. Tulikaa kwake siku tatu, kwa sababu mtu haendi Hija bila kuwaomba watu wake radhi. Zuhura alizunguka mtaa mzima, nyumba kwa nyumba, akishika mikono ya watu. Mwisho akapiga magoti mbele ya mama yake.

"Mama, niachie kila nililokukosea."

"Nimekuachia, mwanangu. Na wewe niachie."

Kisha mama mkwe akanigeukia mimi. Kaka yake, Mjomba Sefu, fundi cherehani, alikuwa anasafiri pamoja nasi. "Ninakukabidhi wawili," akaniambia. "Unirudishie wawili."

"Inshallah, mama," nikasema, tena kwa sauti kubwa.

Ilula, mwendo mfupi baada ya Iringa, Mjomba Sefu alimwomba dereva amngoje. Alikuwa na shemeji yake pale, waliwahi kugombana, na alikuwa amebakia yeye tu kuombwa radhi. Mjomba alikwenda akirukaruka na fimbo yake, akarudi amelowa macho kwa furaha.

"Amenisamehe," akasema. "Hajiwezi kitandani, ana homa na vipele mwili mzima, lakini tumeshikana mikono, tumekumbatiana, tumelia kama watoto."

"Vipele gani?" Zuhura akauliza.

"Tetekuwanga hiyo, wanasema. Inapita." Basi likaondoka, na sote mle ndani tukaona jambo zuri limetendeka.

Dar es Salaam tulingoja meli zaidi ya wiki, tukilala kwa jamaa wa marehemu baba yangu. Siku ya kupanda, afisa wa bandarini alitazama vyeti, hakutazama mikono. Mjomba cheti chake kilikuwa cha kweli kama cha Zuhura kilivyokuwa cha kweli, yaani kilikuwa na muhuri. Jinsi alivyokipata sikumuuliza, maana angeweza kuniuliza na mimi.

Melini sisi mahujaji wa daraja la chini tuliwekwa kwenye ukumbi mmoja chini ya sitaha, watu mkeka kwa mkeka. Pumzi ya mwenzio unaijua kama unavyoijua yako. Tulinywea kata moja, tulikula sinia moja, na kila familia ilifunga kamba na kutundika kanga kuwasitiri wanawake wake. Zuhura alitundika kanga mbili nyekundu za dukani kwetu. Alikuwa na furaha ambayo sijapata kuiona tena kwa mtu mzima. Kila asubuhi alipanda sitahani kutazama maji, akirudi ananiambia yamebadilika rangi, wakati mimi niliyaona ni yaleyale.

Siku ya tatu baharini Mjomba Sefu alishikwa na homa na maumivu ya mgongo. Siku ya sita vipele vikamtoka usoni na viganjani. Daktari wa meli, Mhindi mpole mwenye miwani, alipita kila asubuhi na kuulizia wagonjwa, na sote tulijua maana ya kuulizia kwake. Mgonjwa akionekana, meli ingepandishiwa bendera ya njano na sote tungepelekwa karantini.

"Msinitoe," Mjomba alinishika nguo. "Nakuomba, mkwe wangu. Nife, lakini nife nimeiona Kaaba."

Nilimtazama Zuhura. "Tumwambie daktari?" akauliza kwa sauti ndogo. Alikuwa ameuliza kweli, alitaka jibu.

"Akipona kesho kutwa je?" nikasema. "Tutakuwa tumemkosesha bure, na wewe umekosa bure. Mwingize kwako."

Basi tukamwingiza Mjomba nyuma ya kanga. Zuhura alikuwa mtoto wa dada yake, hapakuwa na haramu yoyote. Na daktari yule, aliyekuwa mtu wa adabu, hakuwahi hata siku moja kulifunua pazia la mwanamke. Alisimama mbele yake, akaniuliza kwa Kiswahili chake cha bandarini, "Huku ndani iko zima?"

"Wazima, daktari. Alhamdulillahi."

Nilisema hivyo kila asubuhi mpaka mwisho wa safari. Nyuma ya kanga Zuhura alikuwa anamkanda mjomba wake, anamlisha uji kwa kidole, anamfuta usaha kwa upande wa kanga aliyojitanda. Mimi homa haikunigusa. Mara moja nilimwona anakuna mkono pale mahali laini, nikakumbuka ile ndimu, nikajiambia ile ni tetekuwanga tu. Nilijiambia hivyo kwa nguvu sana, kama mtu anayejua si kweli.

Tulipotia nanga mbele ya Jidda, maafisa wa afya walipanda, na hao walifunua mapazia yote. Wakamkuta Mjomba magamba yameanza kumbanduka. Mmoja wao akarudi nyuma hatua mbili, akasema neno moja la Kiarabu ambalo halikuhitaji mkalimani. Bendera ya njano ikapanda. Daktari wa meli alinitazama kwa muda, akavua miwani yake akaifuta. Hakunikaripia, na ningependa angenikaripia.

Karantini ilikuwa mabanda marefu kwenye mchanga, joto la kukaushia samaki. Ilikuwa imebaki wiki tatu kufika siku ya Arafa, ambayo bila hiyo hakuna Hija, na kila alipoonekana mgonjwa mpya hesabu ya siku ilianza upya. Waliugua wengine wachache, watu wa mikeka ya jirani. Mzee mmoja wa Tabora, aliyekuwa akinigawia tende zake melini, alikuja akasimama mbele yangu.

"Ni wewe uliyekuwa unajibu wazima, wazima?"

"Ni mimi."

"Nimengoja siku hii tangu nywele zangu nyeusi," akasema. "Umenifanya nini, ndugu yangu?" Alikwenda akakaa uso umeelekea Makka, na sikumwona tena akigeukia upande wetu.

Siku ya tano ya karantini Zuhura alishikwa na homa. Walimtenga banda la wanawake, lakini mwuguzi mmoja aliniruhusu nikae mlangoni, kwa sababu kovu langu lilikuwa jipya na zuri. Aliugua siku kumi. Uso wake ule sitausimulia. Siku moja kabla ya mwisho akili zilimrudia, akaniita nisogee.

"Ni ile ndimu, eti?" akasema.

Nikautazama mkono wake.

"Ulisugua kama sufuria," akasema, na naapa alikuwa ananitania. Akapumzika kidogo. "Dresa alikuwa hajui kama haikushika?"

"Nilimwambia imeshika."

Alifumba macho. Nilidhani amelala. "Nimekuachia," akasema mwishowe. "Lakini mama usimwambie ndimu zilitoka kwake. Mwambie yote, hilo usimwambie."

Alifariki alfajiri, na walimzika wao wenyewe wakiwa wamejifunga vitambaa usoni. Siku ya Arafa sisi tulikuwa bado ndani ya ua wa waya. Upepo ulipotoka upande wa bara, wengine walisema wanasikia labeka za mahujaji. Mimi sikusikia kitu.

Mbeya haikuwa na haraka nami, kwa hiyo nilishukia Iringa kwanza. Nilikuwa na Mjomba Sefu, uso umejaa mashimo, na kanga moja nyekundu isiyowahi kutumika melini; zilizotumika zilichomwa moto. Mama mkwe alikuwa amesimama mlangoni kama tulivyomwacha. Akatazama nyuma yetu, akangoja kidogo, halafu akaacha kungoja. "Kamwene," akasema. Mjomba aliketi kizingitini, hakuweza kuingia kwa dada yake.

Nilimweleza yote. Nilimweleza uongo wangu kwa dresa, na kanga, na wazima wangu wa kila asubuhi. Nilimweleza kwamba mkono wangu ulishika na wake niliuharibu kwa ndimu. Alisikiliza mikono imelala mapajani.

"Hizo ndimu mlizipata wapi?" akauliza.

"Sokoni Mbeya, mama."

"Sokoni Mbeya," akarudia, pole pole, mwanamke aliyejua baridi ya Mbeya inavyozikataa ndimu. Kisha akainuka kwenda kutupikia.

Tangu niliporudi Mbeya watu wa mtaani kwangu, wa Mbalizi na hata wateja wa Chunya wameniita Haji, na kila nikiwakanusha wanadhani ni unyenyekevu. Nilirudi kwa yule dresa nikamwambia ukweli. Akasema, "Mzee, mimi nilikuamini." Hilo ndilo nililojifunza katika safari nzima, na silipambi: watu wema waliniamini, dresa na daktari na mke wangu, na kila mmoja nilimjibu alichotaka kusikia. Leo mtu akija dukani na mtoto mchanga, namwonyesha kovu langu kabla sijamwonyesha kitambaa, na namwambia apeleke mtoto achanjwe na asipake kitu.

Mwaka uliofuata, Juni tena, nilikwenda Iringa kumsomea Zuhura khitma. Niliingia kwa nyuma, kupitia jikoni. Pale palipokuwa na mti wa ndimu palikuwa na kisiki, kimekatwa chini kabisa, karibu na udongo, na jivu juu yake. Mama mkwe alikuwa anachambua mboga. Aliona ninapotazama.

"Mti ulikuwa umezeeka," akasema.

Niliukumbuka ulivyokuwa, umejaa matunda mpaka matawi yanagusa ukuta.

"Ndiyo, mama," nikasema. "Ulikuwa umezeeka."