Nyuma ya Sikio la Mzee wa Ndege

Mimi mdomo wangu ni mkali, na sitaki mtu anisingizie upole. Nimegombana na wateja juu ya zipu, na askari wa kanjo, wale wa jiji, juu ya meza yangu, na mwenye nyumba juu ya choo. Lakini kuna siku moja nilipaswa kusema neno nikanyamaza, na hiyo ndiyo siku inayonisumbua.

Nashona kofia na kurekebisha nguo kwenye kibanda cha mabati Kibera, upande unaotazamana na magorofa ya Nyayo Highrise. Kulala nalala Kabiro, Kawangware, chumba kimoja, peke yangu, mwaka wa kumi na moja sasa. Mume wangu alirudi Kitui kuangalia shamba, akaangalia na mambo mengine huko, basi. Watoto hatukujaliwa. Ukiniuliza jana niliongea na nani, nitakwambia niliongea na mwanamke mmoja kuhusu kiuno cha sketi na mwanamume mmoja kuhusu mguu wa suruali. Kuna jioni nafika kwangu, nafungua kufuli mwenyewe, halafu napiga hodi, ili tu sauti ya mtu isikike mle ndani. Si jambo la kujisifia.

Yule mzee alikuja kutafuta kofia. Ni mzungu aliyezaliwa hapa hapa Kenya, na Kiswahili chake kimenyooka kuliko changu. Mtu anayefunga kamba za ndege kwenye uwanja anakorushia yeye na wenzake alikuwa na kofia niliyomshonea, mzee akaipenda, akaelekezwa kwangu. Mikono yake ilikuwa imejaa madoa kama ndizi iliyoiva kupita kiasi. Akaniambia anarusha ndege isiyo na injini.

"Haina injini?" nikamuuliza. "Sasa ikikataa huko juu?"

"Fundi, haina cha kukataa."

Nilicheka mpaka nikaacha kukanyaga cherehani. Nilikuwa nimesahau kwamba ninajua kucheka hivyo.

Akanieleza. Ndege yao inavutwa kwa kamba mpaka ipande, kamba inaachiliwa, halafu rubani anatafuta hewa ya moto inayopanda na kuzunguka ndani yake kama mwewe. Anaweza kukaa huko hata kwa muda wa saa tano. Juu ya kichwa hakuna paa, ni kioo tupu, na jua la huko si hili letu la kuanikia nguo. Linakuchoma hata kama unatetemeka kwa baridi. Daktari alikuwa ameshamwonya kuhusu ngozi yake. Uso alikuwa anaupaka mafuta ya kuzuia jua mpaka pua inang'aa. Kichwa ndicho alitaka nikifunike, kwa sababu nywele zilikuwa zimeshamkimbia.

Nilimshonea kofia ya heshima. Ukingo mpana, kamba za kufungia kidevuni upepo usije ukaipeperusha, na juu kabisa kifungo nilichokivika kitambaa, maana hicho kifungo ndicho kinachotambulisha kazi yangu. Baada ya wiki mbili akarudi na nundu utosini.

"Fundi, kifungo chako kimenipiga," akasema.

Kumbe kile kioo kiko karibu sana na kichwa, hata kiganja hakipiti vizuri. Ndege ikirushwarushwa na hewa mbaya, kichwa kinagonga kioo, na kifungo changu kilikuwa kimemwingia kama msumari. Zile kamba hazikuwa na kazi, kwa kuwa ndani hakuna upepo. Na ukingo ndio ulikuwa mbaya zaidi, ulimzibia kuona juu. Huko juu huwa wanazunguka wengi ndani ya hewa moja, akaniambia, na asipomwona mwenzake aliye juu yake, watagongana na kufa wote wawili.

Ebo! Nilijikasirikia kabisa. Nimeshona kofia ya kwenda nayo harusini, nikampa mtu wa kwenda nayo mawinguni. Nikamkalisha kwenye stuli, nikachukua tepu, nikaanza kumpima upya.

Hapo ndipo nilipokiona. Nyuma ya sikio la kushoto, mahali ambapo mtu hawezi kujiona hata kwa kioo, kulikuwa na kidonda kidogo chenye gamba, ukubwa wa punje ya ndengu. Pembeni kilikuwa kinang'aa. Mkono wangu ulisimama. Halafu nikaendelea kupima.

Sisi mafundi tuna desturi yetu. Tunashika miili ya watu kutwa nzima, kwa hiyo tunajifunza kutoiona. Nilipokuwa najifunza kazi nilimpima mwanamke fulani, nikaona alama za kupigwa mgongoni, nikamuuliza, "Dada, nani amekufanya hivi?" Alichukua kitambaa chake akaenda, na hakuonekana tena. Aliyenifunza kazi aliniambia nisirudie tena maishani mwangu kumwambia mteja nilichokiona chini ya tepu. Sikurudia.

Nikashona kofia ya pili. Ukingo mfupi, juu laini bila kifungo. Nilitaka kuongeza kitambaa cha kufunika masikio na shingo, mzee akakataa, ati akigeuka kuangalia nyuma kitanasa kwenye mikanda ya mabegani. Sikubishana. Mimi, ninayebishana na kila mtu! Kofia ikatoka nzuri, na masikio yakabaki nje juani.

Baada ya hapo alizoea kuja. Leo ana suruali inayohitaji pindo, kesho shati limelegea kola. Nguo hizo hazikuwa na shida yoyote na wote tulijua. Mke wake alikuwa ameshafariki, watoto wako ng'ambo, wanapiga simu sikukuu. Nikaanza kuagiza chai vikombe viwili. Aliniambia kwamba huko juu ndiko mahali pekee ambapo kuwa peke yake hakumuumi, kwa sababu huko kila mtu yuko peke yake. Mimi nilimweleza habari za Kitui, ambazo sijamweleza hata pasta.

Miezi ikapita, na kila alipokuja alikaa akiwa amenielekea uso kwa uso. Ningeweza kuzunguka meza nikaangalia lile sikio. Sikuzunguka. Nitasema ukweli: wakati huo desturi ya kazi ilikuwa kisingizio tu. Niliogopa nikisema naye atabeba kitambaa chake aende, na mimi nibaki na viuno vya sketi.

Mvua za masika zilipoisha alikuja kutaka kofia nyingine, ile ilikuwa imechakaa kwa jasho. Nikazungusha tepu kichwani. Nilipoiondoa ilikuwa na damu.

Kile kidonda kilikuwa kimekuwa kikubwa kama harage, kimechimbika katikati, na chini yake shingoni palikuwa na uvimbe. Nikasema, "Ngai!" kwa sauti. Halafu nikaanza kumfokea mtu mzima kama mtoto. "Mzee, una kidonda nyuma ya sikio! Kibaya! Huna mtu wa kukuangalia wewe?" Nikakipiga picha kwa simu yangu nikamwonyesha. Aliitazama ile picha, kidole chake kikaenda moja kwa moja nyuma ya sikio.

"Nenda hospitali leo," nikamwambia. "Si kesho."

Akaenda.

Wiki nne sikumwona. Namba yake nilikuwa nayo, na kila jioni niliitoa nikaiangalia na kurudisha simu mfukoni, kwa sababu ningesema nini? Nilihesabu miezi kwa vidole. Kutoka ile ndengu mpaka lile harage ilikuwa miezi minane. Chai nilikuwa naagiza bado vikombe viwili, cha pili kinapoa, nakimwaga mtaroni.

Aliporudi alikuwa na bandeji kutoka utosini hadi kwenye kola. Walikuwa wamemkata nusu ya sikio na kuchimba hadi shingoni. Daktari alimwambia kwamba alichelewa, ila si kuchelewa kabisa, na bado ni mapema kumwambia kwamba amepona. Kisha akajaribu kugeuza kichwa upande wa kushoto anionyeshe. Hakikugeuka.

"Asiyeweza kugeuza shingo harushi ndege," akasema. "Nishonee kofia ya kutembea tu."

Nilikaa. Nikaona nisiposema sasa sitasema tena.

"Mzee, mimi nilikiona ile mara ya pili ulipokuja. Kilikuwa kidogo hivi, kama ndengu. Nilikiona nikanyamaza miezi minane. Ningesema, ungekuwa unaruka mpaka leo."

Nikangoja anitukane, na haki ya nani ningeshukuru.

"Na mimi nilikuwa najua," akasema. "Kila asubuhi nikinyoa nilikuwa nakigusa kwa kidole. Nilijua si kidonda cha kawaida. Daktari angeniuliza tu, ningemwonyesha. Hata mtu yeyote." Akaangalia mikono yake. "Nilikuwa nangoja mtu aniulize."

Wateja wawili walikuwa wamesimama mlangoni na nguo zao mkononi. Nikawaambia warudi kesho.