Jina la Mwisho Kwenye Jalada

Usiku ule nililala na santuri kando ya mto wa kulalia, mtu mzima na mvi zangu, kama mtoto na viatu vyake vya Idi. Mchana nilikuwa nimeikuta kwenye duka la santuri kuukuu hapa Morogoro, ndani ya boksi lililolowa pembeni. Ni ile albamu tuliyochangia pesa kuinunua mimi na rafiki yangu Salehe tukiwa na miaka kumi na sita. Nyuma ya jalada yamo bado majina ya penseli, maana tulikuwa na sharti moja tu: hakuna kuazima bila kuandikwa jina.

Ilipopotea, nilimwambia Salehe ameiuza. Nilimwambia mbele ya mama yake, nikamwita mwizi. Hatukusemezana tena mpaka ajali ilipomchukua. Kumbe jina la mwisho kwenye jalada ni la binamu yangu, aliyeitaka kwa ajili ya harusi, na mwandiko ni wangu. Niliazimisha mwenyewe, nikasahau.

Basi nikapitiwa na usingizi. Nikamkuta Salehe amekaa sakafuni, sebuleni kwao, na shati lake la bluu, sikio karibu na spika kwa sababu mama yake hakupenda kelele.

"Karibu, babu," akasema, akizitazama mvi zangu.

Utani wake ni uleule. Nilimpenda sana yule kijana, na sikuwahi kumwambia.

Anateremsha sindano. Pale penye mkwaruzo wimbo unaruka, na sisi tunaruka nao kama zamani, tunacheka mpaka tunashikana mabega. Mara sebule imekuwa duka. Salehe anapekua maboksi, mimi namfuata nyuma na jalada mkononi.

"Salehe, nisamehe. Ni mimi niliyeiazimisha."

"Mimi nilishasikia," anasema bila kugeuka. "Mama ndiye hajasikia."

Tumerudi sebuleni. Mama yake anafagia, anatupita bila kutuona. Nataka kumwamkia, sauti haitoki. Salehe ananiwekea penseli kiganjani na kunifumba vidole, taratibu, kama anayemfundisha mtoto.

"Sharti ni lilelile," anasema.

Nikaamka nimefumba kiganja, hakina kitu. Kumekucha. Mama Salehe yuko hai, nyumba ileile, mtaa wa pili tu kutoka kwangu. Miaka yote hii shikamoo yangu kwake imekuwa ya barabarani, naye huitikia marahaba akaendelea na safari yake. Hajawahi kunikaribisha ndani, na sikuwahi kustahili.

Nilitafuta penseli nyumba nzima, nikaipata kwenye kabati la vyombo. Chini ya jina la binamu yangu nikaandika: Mama Salehe. Kisha nikaichukua santuri, nikatoka kabla ya chai, nisije nikaogopa.