Ukuta Uliogeuzwa Benchi

Kiwandani hakuna aliyemwita kwa jina lake. Walimwita Kiberiti, na sababu ilionekana kila asubuhi langoni: mwanamume mrefu, shati limepigwa pasi hadi mikunjo imesimama, mkononi kopo tupu la maziwa ya unga. Kila dereva aliyeingia alitoa kiberiti chake mfukoni, akakitia kwenye kopo, akarudishiwa wakati wa kutoka. Wenye utani walimuuliza kama kwake wanapikia jua. Alicheka nao, lakini kopo halikushuka.

"Wewe una viwili," angemwambia mtu. "Kingine kiko kwenye soksi."

Na kweli kingekuwa kwenye soksi.

Alikuwa mtunza mafuta wa kiwanda cha kusaga unga. Alianza kwa kubeba magunia, akahamia kwenye pampu ya mkono enzi zile mafuta yalipokuwa yanakaa kwenye mapipa nyuma ya ghala. Lilipoletwa tangi kubwa jeupe, akapelekwa kusomea namna ya kulitunza, na akarudi mtu mwingine kabisa. Lori la mafuta likifika, mpira wa kushushia mafuta haukufungwa kabla yeye hajabana waya wa kupeleka umeme ardhini, cheche isije ikaruka. Mvua ikinyesha, alikwenda mwenyewe kufungua koki ya kutoa maji yaliyotuama ndani ya ukuta wa tangi, akasimama pale pale mpaka aifunge tena, maana koki ikisahauliwa wazi, ule ukuta ni kama haupo.

"Dizeli ni mvivu wa kuwaka," alizoea kusema, "ila ikishakubali, haibembelezeki."

Ukuta huo ndio uliomkosesha raha. Ulikuwa wa zege, kimo cha goti, umelizunguka tangi pande zote ili mafuta yakimwagika yabaki humo ndani, yasifike mtaroni. Fundi aliyeujenga hakujua kwamba amejenga pia benchi zuri kuliko yote pale kiwandani. Ulikuwa laini, mpana, na tangi lenyewe liliutia kivuli. Madereva waliosubiri kupima mizigo walikaa juu yake tangu asubuhi, vikombe mkononi. Na mbele yao, karibu kabisa, liliwaka jiko la mkaa la mama wa chai.

Mama wa chai alikuwa mama mkwe wake Kiberiti.

Hakuwa amelifuata tangi. Tangi ndilo lililomfuata. Alikuwa akiuza chai na mkate mahali hapo kabla kiwanda hakijawa na hata lami uani. Kwa chai hiyo alimlea binti yake, na kwa chai hiyo alijenga vyumba vyake viwili alikokaa peke yake, akijivunia kwamba hajawahi kumpigia mkwe hodi kwa ajili ya sahani ya chakula. Kiberiti alimheshimu hata akaogopa. Alipita pale kila siku, akainamisha kichwa, "Shikamoo, mama," akajaza mchanga ndoo za kuzimia moto zilizokwisha jaa, akaenda zake na moyo mzito.

Kisha akaja mkaguzi. Alikuwa mwanamke mpole, mwenye viatu vya mpira, na hakupandisha sauti hata mara moja. Alisifu koki, akasifu mitungi ya kuzimia moto, akasifu yale mapipa machache ya petroli yaliyofungiwa kwenye banda lao la nyavu lenye hewa. Alipofika kwenye ukuta akawatazama madereva waliojipanga juu yake kama kuku.

"Hiki si kiti," alisema. "Na lile jiko, hapo si mahali pake. Nitarudi mwisho wa mwezi. Nikiukuta moto hapo, tangi nalifunga."

Meneja hakupoteza muda. "Mwondoe yule mama, Kiberiti."

"Bosi, yule ni mkwe wangu."

"Ndiyo maana nakupa wewe. Mimi simwezi. Nilimwambia mwaka jana asogee kidogo, akaniuliza kama mamangu yu hai. Nikaondoka mwenyewe."

Jioni, mke wake alimsikiliza huku akichambua mchele. Hakukasirika, na hilo lilimtia Kiberiti hofu zaidi.

"Akiondoka pale atakwenda wapi?" aliuliza mke.

"Atakuja hapa. Chumba kipo."

"Baba watoto, mama akija kukaa hapa na hana kazi, atakuwa mgonjwa kabla mwaka haujaisha. Unamjua. Wewe usimwambie ahame. Mtafutie mahali, halafu umwambie karibu."

Maneno hayo yalimkaa. Akaomba mabati ya zamani kutoka stoo, akamwomba seremala wa kiwanda amgongee mabenchi, na nyuma ya ghala, mbali kabisa na tangi, akasimamisha banda la kupendeza. Lilikuwa na bomba la maji karibu, na ukuta wa kukinga upepo. Alipomaliza alikwenda kwa mama mkwe, akasimama mikono nyuma kama mwanafunzi.

"Mama, nimekuandalia mahali. Karibu."

Alitegemea ugomvi. Mama akamtazama, akalitazama tangi, kisha akafunga leso yake kiunoni.

"Umenijengea mwenyewe?"

"Ndiyo, mama."

"Haya. Nibebee birika."

Kiberiti alilibeba lile birika kama mtu aliyekabidhiwa mtoto mchanga.

Lakini wateja hawakuja. Siku ya kwanza Kiberiti akasema labda hawajajua. Siku ya pili akawatangazia yeye mwenyewe, safari moja baada ya nyingine, mpaka sauti ikamkauka. Madereva walimwitikia vizuri, "Sawa, mkubwa, tunakwenda," nao wakabaki pale pale juu ya ukuta, sasa bila chai, wakitafuna karanga za mfukoni. Mmoja alipatikana na sigara, na Kiberiti alimfokea mpaka mlinzi akaja kuona kuna nini. Kule nyuma ya ghala chai ilichacha birikani, na mkate ukarudi nyumbani kama ulivyotoka.

Siku ya nne mama hakuwasha jiko. Kiberiti alimkuta amekaa kwenye benchi jipya, mikono mapajani, leso haijafungwa kiunoni. Hakuwahi kumwona hivyo. Akachutama mbali kidogo.

"Mama, nisamehe. Nilidhani nakusaidia."

"Banda ni zuri," alisema mama. "Hata nyumbani kwangu sina bati zuri hivi. Ila baba, nikuulize. Unadhani wale watu walikuwa wanakaa pale kwa sababu ya chai yangu?"

"Chai yako ni nzuri, mama."

"Usinipambe. Nimewamiminia chai miaka yote hiyo, sijaona dereva anayetazama kikombe. Anakunywa jicho liko kule." Akaelekeza kidevu upande wa mizani. "Karani akipunga mkono na wewe hupo, anamwita wa nyuma yako. Umeshalala njiani siku nyingine. Wale hawanywi chai, wanalinda foleni. Mimi niliwapelekea chai pale pale wanapolinda. Wewe umenileta mahali ambapo mtu haoni hata gurudumu la lori lake."

Kiberiti aliinuka, akaenda hadi kwenye ukuta wa tangi, na kwa mara ya kwanza tangu ujengwe akasimama pale walipokaa wao. Mama alisema kweli. Malori yote yalionekana kuanzia la kwanza hadi la mwisho, na kibanda cha karani, na mkono wa karani. Siku zote hizo alitaka watu waondoke mahali ambapo hakuwahi kuuliza wanatazama nini.

Alirudi mbio.

"Mama, twende tuzunguke. Tutafute mahali pengine panapoonekana mizani."

"Na hilo tangi lako?"

"Liwe mbali. Nitapima."

Basi wakauzunguka uwanja, mama mkwe mbele na kreti tupu la soda, mkwe nyuma na utepe wa kupimia. Mama aliliweka kreti chini, akakaa, akakodoa macho, akatikisa kichwa, akanyanyuka. Wapakiaji waliacha magunia kuwatazama.

"Kiberiti, unamuuzia mama kiwanja?" mmoja alipiga kelele.

"Kaa kimya, wewe," alijibu mama, "nisije nikachagua mahali pako."

Wakafika chini ya mti wa kivuli karibu na ofisi. Mama akakaa. Hakutikisa kichwa.

"Hapa," alisema. "Namwona karani hadi meno."

Kiberiti alimpa ncha moja ya utepe akavuta nyingine hadi kwenye ukuta wa tangi.

"Vuta vizuri," mama alimwitia. "Usinipendelee."

Alivuta hadi utepe ukanyooka kama waya. Umbali ulitosha na kuzidi. Akarudi anacheka peke yake, kisha cheko likamkatika, maana chini ya mti huo, sentimita chache kutoka kwenye kreti la mama, ndipo lilipokuwa limeegeshwa gari la meneja, kama kila siku.

Meneja aliwasikiliza dirishani.

"Kwa hiyo jiko likae, gari langu liende juani?"

Kiberiti alitafuta maneno ya adabu. Mama hakuyangoja.

"Baba, gari lina magurudumu manne. Mimi na birika langu hatuna hata moja."

Ndani ya ofisi mtu alicheka, akajifanya anakohoa. Meneja alilitazama gari, akamtazama mama, akayatazama yale malori yanayobeba unga wake, ambayo yote yangesimama tangi likifungwa. Akachukua ufunguo mezani.

"Chai yangu iwe bila sukari," alisema.

Walihamisha mabenchi mchana huo huo, na seremala akaongeza moja. Kiberiti akaweka ndoo ya mchanga pembeni mwa jiko, kwa kuwa tabia haiachwi kirahisi. Kesho yake asubuhi hakutangaza kitu. Alisimama langoni na kopo lake, shingo imegeukia mti. Dereva wa lori la kwanza alishuka, akautazama ukuta wa tangi, akautazama mti, akasimama katikati kama mtu aliyesahau alichotumwa. Kisha akaona kuwa kutoka kwenye benchi karani anaonekana vizuri zaidi, na jua halimpigi usoni. Akaenda. Wa pili akamfuata. Saa ya chai mabenchi yalijaa, wakaanza kusukumana.

Mwisho wa mwezi mkaguzi alirudi na viatu vyake vya mpira. Alilizunguka tangi taratibu. Juu ya ukuta hapakuwa na mtu. Mjusi tu alikuwa anaota jua. Aliandika, akatia sahihi, akampa Kiberiti mkono.

"Umewafukuzaje?" aliuliza.

"Sikuwafukuza," alisema Kiberiti. "Ni mama aliyejua walikuwa wanatazama nini."

Chini ya mti, mama alikuwa anamimina. Leso ilikuwa kiunoni. Dereva mmoja kijana alikuwa ndiyo kwanza amepokea kikombe, hajapuliza hata mara moja, karani akapunga mkono kule mizani. Kijana akaruka.

"Nifunikie, mama, narudi!"

"Nenda, nenda, wasikupite!"

Akakimbilia lori lake. Mama akachukua kisahani, akakifunika kikombe, akakisogeza ukingoni mwa meza mahali ambapo mkono wa kijana ungekifikia akirudi, kisha akamgeukia aliyefuata.

"Na wewe, baba, sukari ngapi?"