Jicho Jekundu Pembeni mwa Saa

Jicho lile lilikuwa dogo kama punje ya mchele, jekundu, na lilikaa kwenye kona ya chini ya kioo cha kompyuta yangu, ubavuni mwa saa. Kabla ya matengenezo halikuwepo. Baada ya matengenezo likawepo, na kila nilipolitazama niliona kama nalo linanitazama. Mimi ni mtu wa hasira za karibu. Sipendi kitu kinachoingia kwangu bila hodi, kikakaa, kisha kikaanza kunikodolea macho.

Wakati huo nilikuwa na chumba cha kuchapa na kutoa fotokopi pale Bwera, kwenye barabara inayoteremka kwenda mpakani. Wateja wangu walikuwa walimu, wachungaji, na wafanyabiashara wa Kongo waliotaka vitambulisho vyao vinakiliwe upesi. Lakini si kazi hiyo iliyonifanya niichunge kompyuta ile kuliko mboni ya jicho langu. Niliichunga kwa ajili ya Ijumaa.

Mdogo wangu wa kike alikuwa amekwenda Uarabuni kufanya kazi za ndani. Siku aliyofika, mama mwenye nyumba alimchukulia simu, na hakumrudishia. Akabaki na njia moja tu ya kutufikia. Kila Ijumaa, saa tisa alasiri, watu wa nyumba ile walikwenda kula kwa babu yao, naye akaachwa peke yake. Hapo alifungua kompyuta ya watoto, akatupigia simu ya picha kwa nusu saa, halafu akaizima na kurudi kwenye pasi yake. Saa za kule na za Uganda ni sawa, kwa hiyo hapakuwa na cha kukosea. Mimi nilichomeka modemu dakika chache kabla ya saa tisa, si mapema zaidi, maana bando lile lilikuwa likiisha kama mafuta ya taa.

Mama yetu alikuwa na shamba la kukodi kule Mubuku. Kila Ijumaa aliliacha, akapita Kasese, akafika Bwera akiwa na gauni la kanisani na kitambaa safi kichwani. Aliketi mbele ya kompyuta wima kama anapigwa picha ya pasipoti. Hakuwa na maneno mengi. Nyumbani tunasema Lhukonzo, na maneno yake yalikuwa yaleyale kila wiki.

"Geuka nikuone."

Mdogo wangu aligeuka upande huu na upande ule ili mama aone kama amekonda. Mama akishatosheka alisema, "Haya," akapangusa macho, akanipisha mimi niongee upuuzi.

Basi Jumatatu moja kompyuta ilitoa harufu ya nywele zilizoungua, ikazimika. Nikampelekea fundi mmoja Mkongomani, kijana wa Butembo, aliyekuwa na meza yake karibu na duka la dawa. Alikaa nayo hadi Jumatano. Alipoirudisha aliifuta kwa shati lake mwenyewe.

"Mama, usikuwe na bwoga," akaniambia. "Mashini iko muzuri sasa. Niliweka yote ya mupya. Na hii kadogo ya rouge, unaiona? Iko mulinzi. Usiiguse."

"Mlinzi wa nini?"

"Wa wezi."

"Wezi gani wanaingia humo?"

"Beko mingi," akasema, akaondoka na furaha yake.

Ijumaa ile mama alikuja, akaketi, nikachomeka modemu. Saa ya kompyuta ikafika tisa. Tukangoja. Ikafika tisa na nusu, ikafika kumi. Jina la mdogo wangu lilikaa pale kwenye orodha likiwa na rangi ya kijivu, maana yake hayupo. Programu ile ya wakati ule haikukubali hata kuacha ujumbe ukafika, mpaka nyote wawili muwe hewani pamoja. Mara kwa mara jicho jekundu lilitoa kibandiko cha njano chenye maneno ya Kifaransa, kikaifunika kona nzima, kisha kikatoweka kabla sijaita mtu wa kunisomea.

"Labda wana wageni," nikasema.

"Labda," mama akasema. Alikunywa chai, hakula kitu.

Usiku nililala nikilifikiria jicho lile, na asubuhi nilikuwa nimeshalihukumu. Kabla yake simu zilikuwa zinaingia. Limekuja, simu haziingii. Kumbe mlinzi huyu hajui mwizi ni nani na mdogo wangu ni nani, anafukuza wote! Nikamfuata fundi.

"Liondoe," nikamwambia.

Aliniangalia kana kwamba nimemwambia amfukuze ndugu yake. "Mama, ile haikataze mutu kuingia. Haiwezi. Ukitosha ile, virusi zitakula mashini, utarudi kwangu kulia."

"Nitalia kwa fundi mwingine."

Nikarudi dukani, nikajaribu mwenyewe. Nilibofya jicho kwa upande wa kulia wa mausi, likafungua maneno matatu ya Kifaransa. Nikachagua la katikati, kwa sababu la katikati mara nyingi halina makuu. Ghafla sauti ya mwanamke ikaanza kusema Kifaransa ndani ya kompyuta, kwa nguvu na adabu nyingi, na haikunyamaza. Mwalimu aliyekuwa akisubiri fotokopi zake alicheka mpaka akashika ukuta. Niliizima kompyuta kwa kuchomoa waya na betri. Nilipoiwasha, jicho lilikuwa mahali pake, limetulia kama halijafanya kitu.

Hapo kichwa changu kilianza kuzunguka. Niliwauliza watu. Mmoja alisema ni kamera, nilifunike kwa karatasi. Nikabandika kipande cha karatasi kwenye kona ile ya kioo, nikajisikia vizuri kwa nusu siku, kisha nikakibandua. Mwingine alisema hilo ni tangazo tu. Mchungaji alisema tuombe, na tuliomba.

Ijumaa ya pili, kimya.

Safari hii mama hakusema habari za wageni. Alikaa akitazama jina la kijivu la mwanawe, kisha akanigeukia mimi.

"Kama kuna jambo, niambie," akasema. "Mimi si mtoto wa kufichwa."

Nilielewa anachouliza, nikaogopa. Kwetu mtu aliye mbali peke yake hapigiwi simu kuambiwa msiba. Ataanguka, na hakuna wa kumshika. Watu hunyamaza mpaka apatikane mtu wa kwenda kukaa naye, ndipo aambiwe. Baba alipofariki, mdogo wangu alikuwa Kampala. Alipiga simu siku nzima, na sisi sote, nyumba nzima, tulikaa tukizitazama simu zikilia bila kuzipokea, hadi shangazi alipofika kwake kwa basi. Baadaye mdogo wangu alituambia kwamba shangazi hakuwa na kazi ya kufanya. Yeye mwenyewe alishajua tangu simu ya tatu tusiyoipokea.

"Mama, sijui chochote," nikamwambia. "Naapa. Ni hiki kidude."

Alitazama jicho, akanitazama mimi. Hakuniamini. Aliondoka bila kumaliza chai, na mimi nikabaki nikiwa nimekasirika hata na kikombe.

Jumatatu niliifunga kompyuta kwenye kanga, nikaenda nayo Kasese, kwa fundi mwingine mwenye duka lenye milango ya vioo na feni ya darini. Huyu hakuhitaji maelezo mengi.

"Nyabo, hii kitu ni ya bure tu," akasema, akiniita bibi kwa Kiganda. "Walikuwekea antivirus ya wizi. Mimi natoa."

"Itaondoka kabisa?"

"Kabisa. Hata jina yake hautaona."

Akabonyeza hapa, akabonyeza pale, akaizima, akaiwasha. Nikainama nikatazama kona. Ilikuwa safi. Kulikuwa na alama ya sauti, alama ya betri, na saa. Nilitaka kumbusu kijana yule. Nilirudi Bwera nikiwa nimeipakata kompyuta, nikitabasamu peke yangu njia nzima, na jioni nikapita makusudi mbele ya meza ya yule Mkongomani, nikamsalimia kwa sauti kubwa.

Ijumaa ya tatu mama alikuja akiwa amepungua. Sijui mtu anapungua vipi kwa wiki mbili, lakini gauni lilikuwa linamning'inia. Nikamwonyesha kona ile. "Tazama, limekwenda. Leo utamwona."

Saa ya kompyuta ikasema tisa. Tukangoja. Rangi ya kijivu haikubadilika. Mama alikuwa ameshika ukingo wa meza kwa mikono yote miwili, na mimi sikuwa tena na kitu cha kulaumu. Huo ndio uliokuwa wakati mbaya kuliko yote. Jicho lilipokuwepo, nilijua adui ni nani. Sasa kona ilikuwa safi na mdogo wangu hayupo, na mambo niliyoanza kuyawaza kuhusu nyumba za kule sitayaandika.

Hapo akaingia jirani yangu, mama mmoja wa Beni aliyeuza vitenge mlango wa pili. Alikuja kila Ijumaa kumwamkia mama baada ya kufunga duka lake. Aliinama mbele yetu aone tunachokitazama, akaangalia kona ya kioo, akaangalia saa yake ya mkononi, akapiga makofi.

"Eee! Kumbe hata wewe uko kwa saa ya kwetu!" akasema. "Mashini iko na saa ya Kongo, sawasawa na ya mukono yangu. Mimi nilisema, huyu iko mutu ya kwetu tu."

Nilimtazama nisimwelewe. Sharti niseme kwamba pale Bwera saa ni jambo la kujadiliana. Ng'ambo ya mto, Kongo, wako nyuma yetu kwa saa moja. Misa ya kwao, soko la kwao, ahadi za kwao, zote lazima uulize ni kwa saa ya wapi. Simu yangu ilikuwa ikinasa mtandao wa huku asubuhi na wa kule mchana, ikijibadilishia saa yenyewe, hata nikaacha kuitazama. Niliamini saa moja tu, ya kompyuta, kwa sababu haikuwa na tabia ya kuvuka mpaka. Na ile kompyuta fundi wa Butembo alikuwa ameianza upya, ameiwekea kila kitu, na mwishoni, kwa moyo mweupe kabisa, akaiwekea saa ya nyumbani kwake.

"Sasa hivi ni saa ngapi?" nikamuuliza. "Saa ya Uganda?"

"Yenu? Yenu iko saa kumi na robo."

Nusu saa ya mdogo wangu ilikuwa imekwisha zamani. Wiki tatu alikuwa akipiga, saa moja kabla sisi hatujachomeka modemu, na mimi nikipigana na jicho lililokaa pembeni mwa saa bila kuitazama saa yenyewe. Nilianza kucheka, kisha nikalia, na mama wa Beni akawa ananiuliza amesema nini kibaya. Nilimweleza mama.

"Kwa hiyo ni mzima?" akauliza.

"Alikuwa anapiga, mama. Sisi ndio hatukuwepo."

Nilipomwambia hivyo nilikuwa na furaha, na sikufikiria zaidi. Niliirekebisha saa pale pale, nikaiangalia mara nyingi wiki ile nzima, na Ijumaa iliyofuata nilichomeka modemu mapema bila kujali bando. Mama alikuwa ameshaketi. Saa tisa ilipofika jina likawa la kijani, simu ikalia, nikabonyeza.

Picha ilikuja kwa vipande, kwanza ukuta, kisha uso. Mdogo wangu alimwona mama, akaziba mdomo kwa mikono miwili, akarudi nyuma mpaka kiti kikaanguka. Kitambaa chake kikadondoka. Alikuwa amenyoa kichwa chote, kama tunavyonyoa sisi tukishazika.

Mama alisogea mpaka pumzi yake ikafifisha kioo.

"Umenyoa," akasema. "Nani amekufa huko?"

Mdogo wangu aliinua kiti, akakaa. Sauti yake ilipofika ilikuwa imekatikakatika.

"Ni wewe, mama," akasema. "Hamkupokea. Nilikulilia wewe."

Nilitaka kumweleza habari za jicho, za fundi, za saa ya Kongo, na nikaona hakuna hata neno moja ninaloweza kuanzia. Mama ndiye aliyefanya jambo. Alifungua kitambaa chake kichwani, akakiweka mezani, akainamisha kichwa mbele ya kamera ili mwanawe azione nywele zake, zote, mvi na zisizo mvi. Akageuka upande huu, akageuka upande ule, polepole, mpaka mdogo wangu akasema, "Haya."