Niliandika Homa Ambayo Haikuwepo

Ndugu wasomaji, nimeomba jina langu na la hospitali yangu yafichwe, na majina mengine nimeyabadilisha, kwa sababu nikijulikana nitafukuzwa kazi. Nina miaka thelathini na mitatu, ni muuguzi hapa Kigali na mama wa watoto watatu. Tangu sekondari huandika kila siku yangu katika daftari, kwa hiyo haya ninayosimulia sikuyaongezea chumvi.

Nilipoanza kazi, mshahara ulilipa nyumba, ukanunua gunia la maharage, mkaa na sabuni, na bado nikamtumia mama yangu kitu. Mwaka huu wa 1992 mshahara ni uleule, lakini faranga imeshushwa thamani na bei zimepanda. Nikishalipa nyumba na mkaa, maharage hayavuki katikati ya mwezi. Mume wangu ni dereva wa lori. Tangu vita vifunge barabara ya kaskazini, lori limelala na yeye amekaa nyumbani. Siku moja ya Machi niliandika: "Leo watoto wamekula mara moja. Mimi nimekunywa chai kazini."

Mwezi huo alilazwa kwetu Hadija, binti wa mtaa wa Nyamirambo, akiwa na nimonia. Hospitali yetu haipiki. Mgonjwa hulishwa na ndugu anayekaa naye, ambaye sisi humwita murwaza. Murwaza wa Hadija alikuwa dada yake Mwajuma, fundi cherehani mwenye sauti kubwa. Kila adhuhuri aliingia na sufuria ya ndizi na nyama.

"Muganga, kuja! Sahani yako iko hapa," aliniita mbele ya wodi nzima. "Unachoma watu sindano na mkono mwembamba namna hii? Utavunjika!"

Nilikataa siku mbili. Siku ya tatu nilikula. Siku ya nne nilimwomba nibebe kidogo. Alicheka, akajaza bakuli langu mpaka mfuniko ukakataa kufunga. Nyumbani mume wangu alilifunua akauliza, "Mama Diane, leo ni nani kaoa?" Watoto walilamba vidole.

Baada ya wiki, sindano za kawaida zilimponya Hadija. Jumatatu asubuhi nilimpima: thelathini na saba kasoro kidogo. Daktari alikuwa amesema homa ikikaa chini siku mbili, aende nyumbani. Nilisimama na karatasi ya joto mkononi, nikafikiria bakuli. Nikaandika thelathini na nane na nusu. Jumanne nikaandika hivyo tena. Katika daftari langu niliandika joto la kweli, kana kwamba kuandika ukweli mahali pamoja kunatosha.

Nilitaka siku mbili tatu za chakula tu. Sikuwaza daktari angefanya nini. Jumatano aliitazama ile karatasi, akasema dawa imeshindwa, akaagiza nyingine kali zaidi ambayo hospitali haikuwa nayo. Ilibidi inunuliwe duka la dawa mjini. Nilimkabidhi Mwajuma karatasi ya dawa. Alitoka mbio, akarudi jioni na dawa mkono mmoja, sufuria mkono wa pili. Nilimwuliza pesa amepata wapi.

"Nimeuza cherehani. Mashine ni chuma, muganga. Dada ni mmoja."

Siku hiyo sikula. Akanikasirikia: "Leo chakula changu iko kibaya?"

Hadija aliruhusiwa, na kwenye kadi yake daktari aliandika kwamba dawa ya kawaida haimsaidii. Sasa Mwajuma anashona kwa mkono barazani, na tukikutana sokoni ananitangaza kwa wauza nyanya: "Huyu ndiye aliona homa ya dada yangu!"

Wiki iliyopita alikuja kwangu. Hadija ameanza kukohoa kidogo na mvua zinakaribia. Mwajuma amepata mnunuzi wa kiwanja alichowaachia baba yao, ili ile dawa kali iwekwe tayari. Mwisho wa mwezi ujao watatia sahihi. Nilimwambia wasiuze; Hadija akiugua, waanze na sindano za kawaida pale zahanati, ni za bei rahisi. Alinitazama kama nimemtukana.

"Muganga, ni wewe unasema hivyo? Si wewe mwenyewe uliandika homa imekataa kushuka? Nimjaribu-jaribu dada yangu kama nguo ya mteja?"

Nilimsindikiza mpaka njiani.

Nilimweleza mume wangu yote. "Ukisema utafukuzwa," alinijibu. "Mshahara haututoshi, ni kweli, lakini ukiondoka huo tutakula nini?" Kisha akainama. "Na mimi ile nyama niliila," akasema, akatoka nje.

Ndugu zangu, najua wapo watakaosema njaa ilinisukuma. Wauguzi wenzangu wana njaa hiyohiyo na hawakuandika uongo. Nikisema, watoto watatu watakosa hata ule mlo mmoja. Nikinyamaza, watu walionilisha watauza ardhi yao kwa ajili ya ugonjwa nilioutunga mimi. Na siku ya kutia sahihi Mwajuma atapika. Amenialika mimi na wanangu wote, kwa sababu, anasema, mimi ndiye niliyemwokoa mdogo wake. Nishaurini kabla ya siku hiyo: nimwambie nini mwanamke huyu?