Mama Kwani na Makosa ya Watu wa Zamani

Wanafunzi ndio waliompachika jina la Mama Kwani, naye hakulikataa. Alifundisha hesabu na sayansi katika shule yetu ya kutwa, ile iliyo nyuma ya ghala la saruji, ambako vumbi liliingia darasani hata madirisha yakifungwa, na jioni watoto wakatoka na nyusi nyeupe kama babu zao. Mimi nilikuwa nafundisha jiografia. Tulikaa meza moja katika chumba cha walimu, mimi upande wa dirisha, yeye upande wa kabati, kwa hiyo mengi ninayoyasimulia niliyaona, na mengine aliniambia mwenyewe huku chai yake ikipoa.

Hakujaliwa mtoto wa kumzaa. Alimlea binti wa marehemu dada yake, msichana mrefu, mwembamba, ambaye shule nzima tulimwita Kimbaumbau. Waliishi wawili katika vyumba vya kupanga, na watu waliowatembelea walisema mle ndani kelele haziishi, si za ugomvi, ila za mabishano. Mama mdogo anapika, binti anakatakata vitunguu, wanabishana kama joto ni kitu au si kitu.

Miaka yake ya mwanzo alifundisha kama sisi wote: kanuni ubaoni, wanafunzi wananakili, kengele inalia. Kisha siku moja msichana wa dawati la nyuma akamuuliza kwa nini hasi mara hasi inakuwa chanya. Akamjibu kwamba ndiyo kanuni, aandike. Msichana akasema asante, akaandika.

"Ile asante ndiyo iliyonichoma," aliniambia. "Nimemnyima, halafu ananishukuru."

Akaanza kwenda maktaba ya chuo cha ualimu kila Jumamosi. Alirudi na mambo ambayo hatukuwahi kufundishwa popote. Kwamba wasomi wakubwa walizikataa namba zilizo chini ya sifuri kwa karne nyingi, wakaziita upuuzi. Kwamba neno lenyewe, sifuri, kwa Kiarabu maana yake ni tupu, na kwamba watu walibishana sana kama utupu unaweza kuhesabiwa. Alikuwa akinisimulia kwa sauti ya chini, kama mtu anayekupa umbea wa mtaani, na mimi niliyekuwa nikisahihisha ramani nilijikuta nimeweka kalamu chini.

Hayo akayaingiza darasani. Nilipita siku moja nikasimama mlangoni. Alikuwa amewagawa wanafunzi pande mbili. Upande mmoja utetee fundisho la zamani, kwamba kila kinachoungua kina kitu ndani yake, na moto ni kitu hicho kikitoka. Upande wa pili ulipinge, lakini kwa ushahidi tu, bila kusema kwamba kitabu kimesema. Mezani palikuwa na mizani, na juu yake nyuzi za chuma za kusugulia masufuria. Zikapimwa, zikachomwa, zikapimwa tena. Zilikuwa zimeongezeka uzito. Wapinzani wakapiga makofi. Kama kuna kitu kimetoka, uzito umetoka wapi?

Kimbaumbau alikuwa upande wa utetezi. Alisimama, akanyoosha sketi yake, akasema huenda kitu hicho kina uzito ulio chini ya sifuri, hivyo kikitoka, kinachobaki kinakuwa kizito zaidi. Darasa likacheka. Kisha kicheko kikakatika kidogo kidogo, maana hakuna aliyejua ajibu nini. Mama Kwani aliwaambia kwamba wapo wataalamu waliowahi kusema hivyo hivyo, nao hawakuwa wajinga, na kwamba kazi ya wiki nzima ijayo ni kutafuta namna ya kumshinda huyu binti kwa haki. Sijawahi kuona wanafunzi wakikataa kutoka darasani kengele ikishalia. Siku ile niliwaona.

Katika shule yetu alikuwapo pia mwalimu kijana wa masomo hayo hayo, aliyeitwa Fomula. Sitaki mumwone mtu mbaya. Alikuwa mcheshi, mchapakazi, na wanafunzi walimpenda. Alijua maswali yanayorudi kila mwaka na yasiyorudi, na aliwafundisha yanayorudi. Alimwambia Mama Kwani, kwa heshima, kwamba muda hautoshi.

"Dada, hawa mtihani hauwaulizi nani alikosea. Unawauliza jibu."

Mama Kwani akamjibu kwamba atakayejua jibu limetoka wapi hatalisahau. Aliamini hivyo kabisa. Nami, kwa kumsikiliza, niliamini.

Mtihani wa taifa ukafika, ukapita. Siku ya matokeo karatasi zilibandikwa kwenye ukuta wa ofisi, na kwa jinsi watoto walivyokuwa wakiondoka pale bila kusukumana, nilijua. Darasa la Fomula lilifanya vizuri. La Mama Kwani lilianguka, na jina la Kimbaumbau lilikuwa chini, mahali ambapo hakuna aliyehangaika kulitafuta. Mama mdogo wake alilitafuta kwa kidole kuanzia juu. Kidole kikashuka, kikashuka.

Nyumbani hakumgombeza. Alimuuliza tu ilikuwaje. Binti akaeleza kwamba palikuwa na swali la mshumaa uliofunikwa kwa glasi: kwa nini unazimika? Akaona aibu kuandika mstari mmoja. Akaanza na maelezo ya watu wa zamani, kwamba hewa ndani ya glasi imejaa kile kitu cha moto hadi haiwezi kupokea zaidi, akaonyesha maelezo hayo yanaridhisha kiasi gani, kisha akaonyesha yanashindwa wapi, ndipo akafika kwenye oksijeni. Alipoinua kichwa msimamizi alikuwa anatangaza dakika za mwisho, na nyuma ya karatasi kulikuwa na maswali ambayo hajayagusa.

"Nilikuwa nafurahia, mama mdogo," alisema. "Nilisahau kama ni mtihani."

Mkuu wa shule akaitisha kikao cha wazazi. Wapo waliofoka, lakini hao Mama Kwani aliwavumilia. Aliyemmaliza alikuwa fundi seremala mmoja, mpole, aliyesimama na kofia mkononi.

"Mwalimu, mimi sina ugomvi na wewe," alisema. "Mwanangu anakupenda. Akirudi nyumbani ananisimulia habari za watu wa zamani waliokosea, na mimi nasikiliza, ni nzuri. Sasa niambie, hayo makosa yao nimpeleke nayo wapi?"

Mama Kwani alisimama ajibu. Nilimwona akifungua mdomo. Akaketi.

Hawakumfukuza. Mkuu alimwondoa tu kwenye madarasa ya mtihani, akampa wadogo, pamoja na ratiba iliyoeleza kila kipindi kiishie ukurasa gani. Mizani ikarudishwa stoo. Alizipokea habari hizo kwa kuitikia "sawa", na aliporudi mezani kwetu akapanga chaki zake kwa urefu, akazivuruga, akazipanga tena.

Kilichomvunja hasa kilikuja baadaye. Kimbaumbau aliamua kurudia mtihani, na akaomba ruhusa ya kusoma tuisheni kwa Fomula. Mama mdogo wake mwenyewe alimpeleka, akasimama mlangoni, akamwambia yule kijana, "Nimekuletea mwanangu." Fomula akaona haya, akampokea kwa mikono miwili. Alimfundisha kwa moyo wote, hilo silipingi. Binti alikariri. Alijifunza kutazama swali na kulitambua kama mtu anavyomtambua jirani kwa kanzu yake, bila haja ya kumwona uso.

Vile vyumba vyao vikawa kimya. Jioni moja Mama Kwani, kwa mazoea, akamuuliza kama ameshawahi kuwaza kwa nini duara linagawanywa katika digrii mia tatu na sitini na si mia. Swali lilikuwa la mchezo tu, la kupitishia chakula. Binti aliweka kijiko chini.

"Mama mdogo, nakuomba. Leo nisiwaze kitu."

Tangu hapo hakumuuliza tena.

Binti alifaulu, tena vizuri sana. Majirani walikuja kumpongeza mlezi, naye alicheka nao, akawapa soda, akashika mikono yao. Kimbaumbau akapata nafasi katika chuo cha ufamasia, mji mwingine. Alipiga simu kila Jumapili, na Mama Kwani alinisimulia Jumatatu walichozungumza: afya, mvua, nauli. Niliuliza kama anayapenda masomo yake. Akasema hajui. Anapata alama za juu.

"Nikimsikiliza naona nimerudishiwa mtoto wa mtu mwingine," alisema. "Ana adabu, mzima, hana shida yoyote. Na siwezi kulalamika kwa mtu, maana nitasema nimeibiwa nini?"

Nikamsogezea chai yake, ilikuwa imeshapoa.

Aliendelea kufundisha wadogo kwa imla. Anasoma, wanaandika. Mwaka jana, katika msimu wa mvua, aliwasomea maelezo ya sauti na mwanga, na kwa uchovu ulimi ukateleza. Akasema sauti husafiri kwa kasi kuliko mwanga. Hakujua kama amesema hivyo, mpaka alipoanza kusahihisha madaftari pale mezani kwetu. La kwanza akalizungushia wino mwekundu. Akafungua la pili. Kisha nikasikia kurasa zinafunguliwa harakaharaka, moja baada ya nyingine, nikageuka. Alikuwa hasahihishi tena, anatafuta. Wote walikuwa wameandika vile vile, kwa mwandiko safi. Na wiki ile mvua ilikuwa ikinyesha kila alasiri. Kila mmoja wao alikuwa akiona umeme ukimulika kwanza, ngurumo ikija nyuma yake.

Kesho yake nilikuwa na kipindi chumba cha jirani, na ukuta wetu ni wa mbao. Nilimsikia akiwaambia kwamba sentensi ile si ya kweli, kwamba alikosea, na kwamba walikuwa na macho na masikio ya kulijua hilo. Akauliza kama kuna mwenye swali. Akasubiri. Alisubiri muda mrefu, hata wanafunzi wangu wakaanza kunitazama, wakishangaa kwa nini nimeacha kufundisha.

Hatimaye sauti ya mtoto ikasikika, ya unyenyekevu.

"Mwalimu, ile sentensi tuikate kwa rula?"

Akamwambia ndiyo, waikate kwa rula.