Ataitwa Nani Kwenu?

Mwanangu, mtoto wa dada yangu, nakumbuka siku ile mimi na Njeru, mume wangu, tulipokaa mezani kwetu mtaa wa Majimbo, hapa Embu mjini, tukijisifu kwa kalamu. Wewe na mkeo sasa mnaandika barua ya namna hiyo, ya kujieleza kwa msichana mjamzito asiyewajua, ili aamue kama atawapa mtoto wake mumlee. Ndiyo maana nimekuita. Kunywa chai kwanza.

Tulikuwa tumekaa kwenye ndoa miaka mingi bila mtoto. Kituo kimoja cha kanisa upande wa Meru kilikuwa kikiwatunza wasichana waja wazito, na msimamizi wake akatuambia tuandike barua, tuweke na picha, msichana asome achague mwenyewe. Tukaenda studio. Njeru aliazima koti la jirani, mikono ikamfunika vidole. Mimi nilivaa viatu vya kubana, na kwenye picha ile utadhani naumwa na jino. Tukaandika kuhusu nyumba ya mawe, kazi ya ualimu ya Njeru, kitanda kidogo kilichokuwa tayari, shule iliyo karibu. Tukaongeza kwamba mtoto atapewa jina zuri la Biblia. Tukaona tumemaliza kazi.

Baada ya muda msimamizi akatuita. Msichana mmoja, Kagendo, aliyekuwa akifanya kazi kwenye shamba la maua kule Timau, alikuwa ameipenda barua yetu lakini hataki kusema ndiyo. Tulimkuta amevaa sweta nzito, mikono juu ya tumbo.

"Mmeandika mambo ya kitanda," akasema. "Lakini hamjasema mtoto ataitwa nani."

"Tumesema, jina la Biblia," nikajibu.

"Hilo ni la kubatizwa. Mimi nauliza la nyumbani. Atakuwa nani kwenu?"

Unajua desturi yetu: msichana wa kwanza huitwa jina la mama wa baba yake, na mvulana wa kwanza jina la babu. Ukimpa mtoto jina hilo umeshasema ni wa damu ya nyumba. Sisi tuliliacha, maana tuliogopa mama mkwe angesema tunalichezea jina lake. Hata kumuuliza hatukuthubutu! Kagendo akatuambia atangoja kidogo tu, kwa sababu kuna watu wengine walioandika.

Nilirudi nikilia. Njeru, mwanamume mzima, akakumbuka ghafla kwamba ana madaftari ya kusahihisha, kwa hiyo nikateremka peke yangu kule chini kwenye joto, Mbeere, kwa mama yake. Mama mkwe, Wawira, alikuwa akipepeta ndengu. Nikamweleza yote huku nikiangalia chini.

Akaweka ungo. "Nani aliwatuma mnilindie jina?" akauliza. "Nyinyi mnataka mtoto ama mnataka mgeni wa kulala kwenu?"

"Mama, tuliogopa utakataa."

"Mimi nilidhani nyinyi ndio hamnitaki. Nimengoja mtu wa jina langu mpaka nimechoka. Nipeleke kwa huyo msichana."

Nikampeleka. Yeye alisema Kiembu, Kagendo akajibu Kimeru, na walielewana kuliko sisi na barua yetu. "Akiwa msichana, huyo ni mimi, Wawira," mama mkwe akamwambia. "Akiwa kijana, ni mzee wangu, Ireri. Siku ukimkumbuka, ujue ako kwao."

Kagendo alilia sana. Kisha akapangusa uso na kusema, "Basi nitawapa."

Alizaliwa msichana. Njeru alimpokea, na masharubu yake yale, akamwita "Mama," kama inavyompasa mtu kumwita binti mwenye jina la mama yake. Kagendo alisikia kutoka kitandani. Akafumba macho, akatabasamu, na mimi nikaishika miguu yake kwa shukrani. Mpaka leo namshukuru mbele ya Mungu, tena kwa jina, na Wawira wetu anajua ninamtaja nani.

Kwa hivyo, mwanangu, weka kalamu chini, uende kwanza kwa mama yako. Ni dada yangu, namjua ni mkali, lakini muulize. Halafu andikeni kwa maneno ya kawaida mtoto huyo atakuwa nani kwenu, ataitwa nani, na ni nani watakaomwita. Msiazime koti. Na msichana akiwauliza swali gumu msiudhike, kwa maana anaagana na mtoto wake na anataka kujua anamwachia nani.

Mungu afungue mlango wenu. Amfariji mama atakayewapa, nanyi awape kinywa cha kumtaja bila woga. Na mtoto huyo asikae hata siku moja akijiuliza yeye ni wa nani.